JICHO LA RUBANI: HISTORIA YA KUIGIZA URUKAJI NA TATIZO LA NENO "KAMERA"

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, aghalabu swali gumu halitoki kwa mtaalamu wa fani. Hutoka kwa mtu asiyekijua kitu chenyewe lakini anayeijua lugha. Mwandishi wa makala haya alilipata swali la namna hiyo huko Mwandiga, jirani na mji wa Kigoma, katika barabara iendayo Manyovu. Nilikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja wa sekondari, na kijana wake alikuwa na kompyuta yenye programu ya kuigiza urukaji wa ndege. Kijana aliirusha ndege yake kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kigoma, akavuka ukingo wa ziwa na kuelekea kaskazini kuifuata pwani. Ndani ya kioo cha kompyuta kila kitu kilitikisika: paneli ya saa na vipimo, fremu za madirisha, hata milima ya ng'ambo ya Kongo.

Babu yake kijana, mzee aliyewahi kuwa baharia wa ziwani, alikuwa ameketi nyuma yetu akitazama. Akauliza mbona chombo kinatetemeka kiasi kile na hewa ni shwari. Kijana akamjibu kwa heshima, "Babu, hiyo ni kamera ya chumba cha rubani. Nimeiweka itikisike ili iwe halisi." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo kamera iko wapi? Nami naona kinachotikisika ni dunia nzima." Kijana akacheka, akasema kwamba kamera haipo, ila ndiyo macho ya anayerusha. Mzee akamaliza kwa swali ambalo sikuweza kulijibu usiku ule: "Kama ni macho yangu, kwa nini unayaita kamera?"

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo. Kwanza tutaeleza kwa ufupi historia ya vyombo vya kuigiza urukaji; pili tutaonyesha jinsi neno "kamera" lilivyoingia na linavyopotosha; na mwisho tutapendekeza maneno machache ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyapima.

Ndege za kwanza juu ya Ziwa Tanganyika

Watu wa mwambao wa Kigoma hawakungoja kompyuta ndipo waione ndege. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na nguvu kubwa ziwani kwa sababu ya meli yao iitwayo Graf von Götzen, iliyoundwa upya Kigoma baada ya kuletwa vipande vipande. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo ya Kongo walipewa na Waingereza ndege nne za majini za aina ya Short. Ndege hizo zilisafirishwa kwa meli, kwa reli na kwa mashua za mtoni mpaka mwambao wa magharibi, zikaunganishwa karibu na Mtoa. Mawimbi ya ziwa kuu yalikuwa makali mno kwa vyombo vile vya mbao na kitambaa, kwa hiyo marubani walitumia maji matulivu ya ziwa dogo la Tungwe.

Mwezi Juni 1916 ndege hizo zilivuka ziwa na kuitupia Kigoma mabomu, shabaha yao ikiwa ni meli ile. Mmoja wa marubani alikuwa Aimé Behaeghe, ambaye alifariki Niemba, Kongo, mwezi Desemba mwaka uo huo. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe. Baadaye Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo wenyeji wa mwambao wote wanalijua.

Tunataja habari hizi kwa sababu moja inayohusu mada yetu. Rubani wa mwaka 1916 hakuwa na chumba. Aliketi katika tundu lililo wazi, upepo ukimpiga usoni, na mwenzake mtazamaji aliinama ukingoni ili aone kilicho chini. Kuona kulikuwa kazi ya mwili mzima: shingo, mabega na kiuno. Hakuna aliyekuwa amemfundisha rubani huyo kabla ya kuruka namna kichwa chake kitakavyosukumwa na kuvutwa angani. Alijifunza akiwa angani, na kosa lake la kwanza lingeweza kuwa la mwisho.

Maneno tuliyoyarithi

Kiswahili kiliipokea teknolojia hiyo mpya kwa busara ambayo yafaa tuikumbuke. Wako waliosema "eropleni", na neno hilo bado limo katika kamusi. Lakini neno lililoshinda ni "ndege". Wasemaji walichukua jina la kiumbe wakalipa chombo, kisha wakaiachia sarufi kazi ya kutenganisha: ndege huyu anaruka, ndege hii inaruka. Kwa upatanisho tu msikilizaji anajua kama anaambiwa habari za kiumbe au za mashine. Hakuna kamati iliyokutana kuamua jambo hilo.

"Rubani" nalo lilikuwa neno la baharini. Ni mtu anayezijua njia za maji, mwenye kuongoza chombo kipite salama penye miamba na mafungu. Lilipohamia angani halikupoteza maana yake ya asili, yaani mwongozaji anayejua njia. Na "kutua" lilikuwa neno la ndege wa porini na la wapagazi pia. Misafara iliyokwenda Ujiji katika karne ya 19 ilitua mizigo yake mwambaoni baada ya miezi ya kutembea. Leo tunasema ndege imetua, wala hatuhisi kwamba tumeazima kitu.

Katika mifano hii mitatu neno la zamani lilifaa kwa sababu lilitaja kazi au sura iliyo ya kweli katika kitu kipya. Ndege inaruka kweli. Rubani anaongoza kweli. Kutua ni kushuka na kupumzika kweli. Hicho ndicho kipimo tutakachotumia kulipima neno "kamera".

Kutoka pipa hadi sanduku la Link

Haja ya kumfundisha rubani akiwa bado ardhini ilionekana mapema. Mnamo mwaka 1910 huko Ufaransa, kampuni ya Antoinette ilitumia kifaa kilichotengenezwa kwa nusu mbili za pipa. Mwanafunzi aliketi juu, wasaidizi wakakiyumbisha kwa mikono, naye akajaribu kukirudisha sawa na upeo wa macho. Ni kitu ambacho fundi seremala yeyote wa Ujiji angeweza kukitengeneza.

Hatua kubwa ilifanywa na Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, New York. Mwaka 1929 Link alikamilisha sanduku lililofanana na ndege ndogo, lenye kuinama na kugeuka kwa nguvu ya mivukuto iliyochukuliwa katika ufundi wa vinanda. Msomaji aliyewahi kumwona mhunzi akivukuta moto hana haja ya maelezo zaidi: hewa ikiingia upande mmoja sanduku huinuka, ikitoka huinama. Mwanzoni watu waliliona kuwa mchezo, na baadhi ya masanduku hayo yaliuzwa kwa viwanja vya burudani.

Mambo yalibadilika mwaka 1934. Jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege katika majira ya baridi, na katika muda wa miezi michache zaidi ya wanajeshi kumi walikufa kwa ajali, wengi wao wakiwa hawana mazoezi ya kuruka kwa kutegemea vipimo peke yake gizani na mawinguni. Jeshi likanunua masanduku sita ya Link mwaka ule ule. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, masanduku hayo yalihesabiwa kwa maelfu.

Sanduku la Link lilikuwa na jambo moja la pekee. Lilifunikwa. Mwanafunzi hakuona chochote nje, aliona vipimo tu. Lakini kichwa chake kilikuwa kichwa cha kweli: kiligeuka, kiliinama, na sikio lake la ndani lilihisi sanduku linapoyumba. Kwa maneno mengine, Link alimpa mwanafunzi mwendo akamnyima mandhari. Vyombo vya nyumbani vya siku hizi vimefanya kinyume chake: humpa mandhari na kumnyima mwendo. Asiyeelewa kinyume hiki hataelewa kwa nini suala la kichwa limekuwa kubwa.

Kamera iliyokuwapo kweli

Baada ya vita wahandisi walitaka kuongeza mandhari. Njia waliyoitumia kwa miaka mingi, hasa katika miaka ya 1950 na 1960, ilikuwa ya kushangaza kwa wepesi wake. Waliunda mfano mdogo wa nchi juu ya ubao mkubwa, wenye kiwanja cha ndege, barabara, mashamba na vilima. Juu ya ubao huo walining'iniza kamera ya televisheni iliyosafiri katika reli. Mwanafunzi alipovuta usukani, kamera ilipanda. Alipousukuma, kamera ilishuka. Na picha yake ilionyeshwa mbele ya kiti cha mwanafunzi.

Hapa ndipo neno "kamera" lilipokuwa na haki yake yote. Palikuwa na kifaa chenye lenzi, chenye uzito, kilichokwenda huku na huko juu ya mfano wa nchi. Mzee wa Mwandiga angeuliza kamera iko wapi, angeonyeshwa kwa kidole.

Kisha kompyuta ikaja. Mwaka 1968 David Evans na Ivan Sutherland walianzisha kampuni yao huko Utah, na katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitengeneza mandhari ya usiku kwa ajili ya mashirika ya ndege, taa za kiwanja zikichorwa na kompyuta. Ubao na reli zikaanza kutoweka. Kilichobaki ni hesabu: kompyuta hupewa nukta moja katika nafasi, ikaambiwa nukta hiyo inatazama upande gani, kisha hukokotoa kitakachoonekana kutoka hapo. Wataalamu wa michoro ya kompyuta waliendelea kuiita nukta hiyo kamera, kama wafanyavyo watu wa sinema. Kifaa kilikwisha, jina likabaki.

Sutherland huyo huyo, mwaka 1968, alieleza chombo cha kuvaa kichwani chenye vioo viwili vidogo mbele ya macho. Mkono wa chuma uliotoka darini ulipima kichwa kimegeukia wapi, na picha ikabadilika kukifuata. Kwa hiyo wazo la kuifanya picha ifuate kichwa lina zaidi ya nusu karne.

Kiigizi kinaingia nyumbani

Mwaka 1975 Bruce Artwick aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu kuonyesha mandhari ya urukaji kwa kompyuta ndogo. Matokeo yake ni programu iliyotolewa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa programu iliyotokana na kazi yake. Ardhi ilikuwa mistari michache tu na paneli ya vipimo ilikuwa picha bapa isiyosogea. Kutazama kushoto kulikuwa ni kubonyeza kitufe: picha ya mbele iliondoka, ya kushoto ikaja. Hapakuwa na kichwa chochote katika jambo hilo, kama vile mtu abadilishavyo karata mkononi.

Kompyuta zilipopata nguvu, paneli bapa ikawa chumba chenye kina. Katika toleo la mwaka 2003 mtumiaji aliweza kubonyeza swichi ndani ya chumba hicho chenye pande tatu. Mara tu chumba kilipopata kina, swali likazuka: anayetazama amekaa wapi ndani yake, na anakaa vipi ndege ikitikisika? Toleo la mwaka 2006 lilijibu kwa kuongeza utaratibu wa kusogeza mahali pa kutazamia kufuatana na msukumo wa ndege. Ndege ikiongeza kasi, mtazamo ulirudi nyuma kidogo kama kichwa kinavyoegemea kiti. Ikifunga breki, ulikwenda mbele. Baada ya hapo watengenezaji wengine waliuza programu za kuongezea mitikisiko ya kila namna: ya injini, ya magurudumu katika changarawe, ya upepo mkali.

Wakati huo huo njia nyingine ilikuwa ikikua. Mwaka 2001 kilitolewa kifaa kiitwacho TrackIR, ambacho huwekwa juu ya kioo cha kompyuta na kumtazama mtumiaji kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mtumiaji akigeuza kichwa kidogo, mtazamo ndani ya ndege hugeuka sana. Miwani ya kufunika macho ikapatikana kwa watu wa kawaida kuanzia mwaka 2016. Toleo la Microsoft la tarehe 18 Agosti 2020 lilileta dunia nzima iliyotokana na picha za angani, ndiyo sababu kijana wa Mwandiga anaweza kulitambua ziwa lake.

Sasa tazama tatizo la mfasiri. Kifaa kama TrackIR ni kamera ya kweli, yenye lenzi, inayomtazama mtu. Ndani ya programu kuna "kamera" isiyokuwapo, inayomtazamia mtu. Mwongozo ukisema "rekebisha kamera", msomaji afanye nini? Apande juu ya kiti asogeze kifaa, au abadilishe tarakimu ndani ya programu? Hapa hakuna upatanisho wa kisarufi wa kutuokoa, kama ulivyotuokoa katika "ndege". Kamera hii na kamera hii zote ni za ngeli moja.

Kichwa, sikio na jicho

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo si la lugha peke yake. Neno "kamera" limewafanya watengenezaji na watumiaji wengi waamini kwamba jicho la mtu hutikisika kama kamera. Si kweli, na msomaji anaweza kuthibitisha sasa hivi. Shika gazeti hili mbele yako, tikisa kichwa kulia na kushoto kwa haraka huku ukisoma. Herufi zinasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise gazeti kwa kasi ile ile. Herufi zinavurugika.

Sababu yake imo sikioni. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye umbo la nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kinapogeuka, majimaji huchelewa kidogo, na neva hupeleka habari. Katika muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde macho huwa yameshaanza kugeukia upande wa pili kwa kiasi kile kile, na picha hutulia. Mvuvi wa dagaa anayefanya kazi usiku ziwani, mtumbwi ukipanda na kushuka, haioni taa ya mwenzake ikirukaruka kama anavyorukaruka yeye. Mwili wake unayumba, jicho limetulia. Baharia wetu mzee alilijua jambo hilo kwa miaka yake yote ya kazi, ndiyo maana dunia inayotetemeka katika kioo ilimshangaza. Kijana alidhani ameongeza uhalisi. Mzee aliona umepungua.

Haina maana kwamba kila msogeo wa mtazamo ni uongo. Kichwa cha rubani husukumwa kweli ndege ikiongeza kasi, na vitu vilivyo karibu, kama ukingo wa paneli, hubadili mahali vikilinganishwa na vilivyo mbali. Msogeo huo wa polepole humpa mtumiaji habari ambazo mwili wake, ulioketi sebuleni, hauwezi kuzipata. Kinachokosewa ni mtikiso wa haraka, ambao jicho la kweli lingeufuta. Aidha picha inayochelewa kukifuata kichwa, au inayosogea bila sikio kuhisi lolote, huleta kichefuchefu. Jambo hilo limejulikana katika vyombo vya kuigiza tangu miaka ya 1950.

Liko na jambo la hatari. Ndege ikizunguka mfululizo ndani ya wingu, majimaji ya sikio hatimaye huifikia kasi ya mzunguko, na rubani huacha kuhisi kwamba anazunguka. Akiinamisha kichwa ghafla wakati huo, tuseme kuokota ramani, mifereji mingine huamshwa na yeye huhisi ndege inapinduka ilhali haipinduki. Marubani wamekufa kwa kuiamini hisia hiyo badala ya kuviamini vipimo. Kiigizi cha nyumbani hakiwezi kuifundisha, hata kama picha yake ni nzuri namna gani, kwa sababu sikio la mtumiaji limetulia kitini. Ndiyo maana mamlaka za usafiri wa anga huhesabu saa za mazoezi katika vyombo vilivyokaguliwa na kuidhinishwa tu.

Basi mfasiri anayeandika "mwendo halisi wa kichwa" katika tangazo au mwongozo amesema zaidi ya ukweli. Mzazi anaweza kununua akidhani amenunua mafunzo. Mkuu wa shule au ofisa manunuzi anaweza kuidhinisha fedha za umma kwa neno moja lisilo na kitu nyuma yake.

Maneno yanayopendekezwa

Kabla ya kupendekeza, tukumbuke somo la historia yetu. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, vimethibitisha kwamba neno haliishi kwa kuandikwa katika orodha. Huishi likitumika. "Ngamizi" halikuweza kuing'oa "kompyuta" midomoni mwa Watanzania. "Kishikwambi" kwa upande wake lilienea sana wakati wa Sensa ya Agosti 2022, kwa sababu neno na kitu vilifika pamoja mikononi mwa makarani kila kijiji. Kwa hiyo tunachagua maneno yanayoeleza kazi na yanayotamkika bila shida.

Kiigizi cha urukaji. Ni chombo au programu ya kuigiza kuruka kwa ndege. Wako wanaopendelea kitenzi "kuiga". Hata hivyo kuiga kuna harufu ya kufuata mkumbo, ilhali kuigiza ni kuonyesha jambo kwa makusudi ili wengine walielewe, kama wafanyavyo waigizaji jukwaani.

Chumba cha rubani. Neno hili limeshazoeleka nalo libaki, ingawa katika ndege ndogo si chumba hasa. Tusione haya kwa hilo. Neno la Kiingereza lenyewe asili yake ni shimo la kupiganishia majogoo, na hakuna rubani anayelalamika.

Kituo cha jicho. Hii ndiyo nukta ambayo kompyuta hukokotoa mandhari kutoka kwayo. "Mtazamo" lingekuwa jepesi zaidi, lakini limeshabeba maana ya rai au msimamo. Neno "kamera" liachiwe kifaa chenye lenzi peke yake.

Kifuata kichwa. Ni kifaa cha kupima kichwa cha mtumiaji kimeelekea wapi. Limeundwa kwa mfano wa kipaza sauti na kinasa sauti, ambayo yamekubalika kila mahali.

Mgeuzo wa kichwa na mtikisiko wa kichwa. Hapa Kiswahili kina utajiri wa kutusaidia. Kunyambua kitenzi hutuonyesha nani ametenda: mtu hugeuza kichwa kwa hiari yake, na kichwa hutikisika kwa kutikiswa na chombo. "Mgeuzo" uwe ule wa hiari, wa rubani anapotafuta kiwanja dirishani. "Mtikisiko" uwe ule asioutaka. Miongozo mingi ya kigeni huviita vyote viwili kwa jina moja, na mfasiri hana budi kuuliza ni kipi kinachokusudiwa kabla ya kuandika.

Mshabaha. Litumike mahali pa "uhalisi" panapozungumziwa kufanana kwa kiigizi na jambo lenyewe. Tuseme kiigizi kina mshabaha mkubwa au mdogo. Uhalisi tuuache angani, pamoja na rubani mwenyewe.

Hitimisho

Katika historia tuliyoieleza, mwendo na mandhari vilitengana mara nyingi. Rubani wa mwaka 1916 alikuwa na vyote viwili, pamoja na hatari yake. Mwanafunzi wa Link alikuwa na mwendo bila mandhari. Mwanafunzi wa ubao alitazama kwa kamera ya kweli. Kijana wa leo ana mandhari ya dunia nzima, na kichwa alichoazimwa na kompyuta. Lugha inayoviita vyote hivyo kwa jina moja haimsaidii kujua anachofanya.

Kabla ya kuondoka Mwandiga nilirudi kwa mwalimu yule nikajaribu maneno haya mbele ya kijana na babu yake. Kijana alipunguza mtikisiko hadi karibu na sifuri, akaacha ule msogeo wa polepole peke yake, akaruka tena kutoka Kigoma. Milima ya Kongo ilitulia. Mzee akatazama kwa muda, akauliza kama sasa ile kamera imeondolewa. Mjukuu wake akamjibu, "Babu, haikuwa kamera. Ni kituo cha jicho, nacho kilikuwa kinatikiswa bure." Mzee akasema, "Haya. Hapo nimekuelewa."

Wasomaji wanaofundisha fizikia, wanaofasiri miongozo ya vyombo vya kompyuta, au wanaofanya kazi viwanjani wanaombwa wayajaribu maneno haya kwa watu wanaowahudumia, kisha watuletee habari ya yale yaliyokubaliwa na yale yaliyokataliwa, pamoja na sababu zake.